Kilo Mia Mbili na Kumi

Ile ndogo nilimuuzia Nel, mtoto wa fundi samani,
Jumamosi ya mvua nyembamba, mvua yetu ya Asturias
isiyonyesha wala kuacha.
Alihesabu noti ameuma ulimi.
Akaipiga teke moja, ikawaka.
Msaliti! Mimi kwa miaka tisa
ilinidai teke nne kila asubuhi.

Kubwa niliikuta Oviedo, kwa Belarmino,
mstaafu wa machimbo mwenye goti la chuma.
Hakunibembeleza. Alipitisha kitambaa juu ya tangi
kama anayemfunga mtoto skafu siku ya kwanza ya shule,
akanikabidhi funguo mbili na daftari:
kila oili aliyobadilisha ina tarehe yake
na hali ya hewa ya siku hiyo.
"Kilo mia mbili na kumi," akasema. "Usibishane nayo."

Mimi kazi yangu ni kurekebisha piano.
Nazunguka mabonde haya na nyundo yangu ndogo,
shuleni, kwa masista, kwenye kumbi za vijiji
ambako panya wameshakula sufi ya vinanda.
Masikio ndiyo mkate wangu.
Ile ndogo ililia juu, karibu na *la*;
mlima wa Pajares ikapanda hadi *si*,
na si ni si: ikagoma,
malori yakinipita, yakinipaka tope.
Hii inaguna chini kabisa, noti ya mwisho kushoto,
ile ambayo wanafunzi huibonyeza kwa mzaha
kisha wanageuka kutazama nani amekasirika.

Wiki ya kwanza sikuwa na pikipiki.
Pikipiki ilikuwa na mimi.
Kwenye kipilefti nilizunguka mara mbili nikiogopa kutoka.
Klachi ngumu, kiti kirefu, vidole vya miguu
vikiitafuta lami kama kipofu anayetafuta ngazi.
Obdulia alichungulia dirishani, akauliza,
"Inakula nini?"
Akahamisha hata hivyo mitungi yake ya jamu
ili ipate mahali pa kulala.

Jumanne, kituo cha mafuta, Pola de Lena.
Dizeli chini, mguu ukateleza,
nayo ikalala, polepole, kwa heshima zake zote,
kama bibi anayekaa bila kuangalia kama kiti kipo.
Foleni nzima ikanyamaza.
Nilivuta. Nilivuta tena. Nilibishana nayo.
Mama mmoja mwenye buti za zizini akashuka garini.
"Geuka. Makalio kwenye kiti, macho mbele.
Inyanyue kwa miguu. Mgongo huo utauhitaji uzeeni."
Tukainuka wote watatu.
Hakusubiri ahsante; alikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Mkwaruzo uko ubavuni mwa injini,
urefu wa kidole cha shahada.
Usiku ule nilifungua daftari la Belarmino
na chini ya mwandiko wake ulionyooka nikaandika, kwa mara ya kwanza:
*Machi 14. Imeanguka. Nami pia. Mvua nyembamba.*

Tangu hapo tumeanza kusikilizana.
Nimeshusha kiti, nimeinua usukani nusu inchi.
Mfuko wa kushoto ni wa nyundo na nyaya,
wa kulia ni wa mkate na jibini.
Jumapili naipaka cheni mafuta
huku redio ikisoma matokeo ya mpira,
na sijui tena ni lini niliacha
kuigusa kama mali ya mtu.
Pajares tunaipanda gia ya tano, na bado kuna akiba;
sijawahi kuitumia. Kujua ipo kunanitosha.

Jana, kwenye kona ya kinu,
nilikutana na Nel anashuka, ulimi kwenye meno.
Nilimnyooshea vidole viwili. Hakuniona.
Lakini ile sauti, jamani, niliitambua
hata kabla ya kona kuifungua:
*la*, imeshuka kidogo, na chini yake mgongano,
tk, tk, tk.
Cheni imelegea.
Leo jioni nitapita kwao na spana.