Buti za Gikomba

Ndani ya ulimi wa buti ya kulia
mtu aliandika kwa wino: INGRID.
Nilizinunua Gikomba kwa mia nane
baada ya kuapa mara mbili kwamba naondoka.
Kisigino chake kimelika upande wa nje,
basi nami, tangu lango la Karura, naegemea huko huko,
nafuata mwendo wa mtu nisiyemjua.

Saa kumi na mbili na nusu. Udongo mwekundu umelowa,
unashika soli kama mdai.
Njia ni ya wote: baiskeli inapiga kengele mgongoni,
farasi ameacha mavi yanayofuka mvuke,
mbwa watatu wanamkokota kijana
anayelipwa kuwatembeza.
Mutheu anauliza zimebaki ngapi hadi Ngong.
Thelathini na nne, namwambia.
Anacheka. Kisha hacheki.

Kwenye reli, mataruma yanaikataa hatua yangu,
moja ni fupi, mawili ni marefu.
Wanawake wenye beseni za nguo vichwani
wametupita bila kupima chochote.

Baba alipita hapa miaka kumi na tisa,
Laini Saba hadi kiwanda cha sabuni,
kwenda na kurudi, nauli ikawa unga.
Hakuwa na ramani, wala fimbo ya kukunjwa,
wala chupa yenye mrija.
Hakuna aliyeyaita matembezi.
Usiku mmoja nilipiga hesabu kwenye simu:
ameizunguka dunia karibu mara mbili,
na kila jioni
amerudi kula nyumbani.

Kutembea bure si kukaa bure, walisema.
Hawakusema bure hiyo hulipwa na nani.

Baada ya Dagoretti goti likaanza maneno yake.
Ngong udongo ukageuka mweusi, wa kunata,
na juu kabisa, chini ya mapanga yanayosaga upepo,
mbuzi walitutazama kama wageni waliokosea mlango.
Mutheu akavua soksi. Ukucha wa gumba
umekuwa zambarau. Akaupiga picha.

Nikampigia Baba.
Nimetoka Karura hadi Ngong, nikasema, kwa miguu.
Upepo ukapita katikati yetu.
Alinyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.
Halafu akauliza, taratibu,
kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni gizani:
"Kwani ulikosa nauli?"