Yasemekana

Ijumaa, kipindi cha mwisho, somo lisilo na mtihani,
nami nina kurasa kumi na mbili za Warumi
nilizonakili dukani kwa Twalib, kule Langoni,
kwa mashine inayoacha mstari mweusi katikati ya kila uso.

Nawaambia wanafunzi: tazameni neno hili, "yasemekana".
Mwandishi hakuuona uyoga ukipikwa.
Jiko la Kaisari halikuwa na kiti cha mwanahistoria.
Lakini yasemekana mke ndiye aliyetia sumu,
yasemekana alikwisha mpimia mwanawe kiti cha enzi
sahani haijapoa.
Neno moja, na mwanamke kahukumiwa
karne kwa karne, bila shahidi, bila kiapo.

Thureya anainua mkono. "Na wanawake wengine?"
Wengine, nasema, husokota sufu hadi usiku wa manane.
Hao ndio wema.
Mmoja alijichoma kisu,
wanaume wakapata sababu ya kumfukuza mfalme:
wakaibeba maiti yake uwanjani,
wakaapa juu yake, wakagawana vyeo.
Kazi yake iliisha ukurasa ule ule.

Na mwandishi mwenyewe?
Mtu wa baraza. Kaisari mbaya alipokuwa hai
alipokea cheo, akainamisha kichwa, akameza mate.
Kaisari alipozikwa, ndipo akachonga kalamu.
Simba akisha kuwa zulia, kila mtu humkanyaga sharubu.

Kwa adui alikuwa mkarimu zaidi.
Alimsimamisha kilimani mkuu wa nchi ya ukungu,
akamtia kinywani hotuba tamu ya uhuru
kwa Kilatini safi, lugha asiyoijua yule mkuu,
kisha akalichinja jeshi lake, aya ya pili.

Darasa linacheka. Mimi sicheki sana.
Nyumbani nina daftari.

Ni la babu yangu mkubwa, Lali Bwanakombo,
jalada la kijani, mchwa wamelila pembe mbili,
na ndiyo historia nzima ya mtaa wetu, Mkomani:
nani alikarabati msikiti, nani aliozesha, nani alihiji,
fulani bin fulani, mwaka, fulani bin fulani, mwaka,
halafu mstari mmoja:
*Mwaka wa ukame mwanamke mmoja alitia fitina kuhusu birika.*
Birika limetajwa mara nne. Yeye hana jina.

Usiku nikachukua penseli.
Pembeni nikaandika: Mwana Tumu binti Maka.
Nikamsimamisha mlangoni, ufunguo mkononi,
na askari wa serikali barazani na madebe yao matupu,
nikampa la kusema:

  *Maji haya ya yatima,*
  *na wajane wenye homa,*
  *hayauzwi kwa heshima*
  *wala kwa bunduki zenu.*

Nilijipenda sana usiku ule.

Asubuhi nikamsomea bibi yangu, Bi Somoe,
aliyekuwa mtoto mle uani siku ile.
Alikuwa akichambua mchele. Alisikiza hadi mwisho,
akatupa chuya moja, akauliza:
"Nani kayanena hayo?"
"Mwana Tumu."
"Mwana Tumu alinena *siwapi*, akaketi yuu ya ufunguo.
Basi. Wala usinambie yatima.
Yatima tulikuwa sisi, na tende
akituhesabia moya moya."

Nimefuta. Vumbi la kifutio limeenea mezani
na karatasi imechakaa pale ubeti ulipokuwa.
Jina nimeliacha. *Siwapi* nimeiacha.
Tende nimeziongeza, ingawa zilinikera.

Ufunguo ule ungalipo, kidakani, nyuma ya sahani za kaure:
chuma kitupu, mrefu kama mkono wa mtoto,
una meno matatu.
Kuukalia tangu adhuhuri mpaka waondoke
lazima kulimuumiza.
Lakini hilo nalo hakuna aliyelisema.
Nimeliandika kwa penseli.