Kifungu cha Kumi na Mbili

Mkataba ulikuwa na kurasa kumi na moja.
Nilitoa kopi Kondele, mashine ya idara imekula karatasi,
na mwenye duka akauliza kama ni hati ya shamba.
Nikamwambia, karibu.

Siku ya kutia saini palitandikwa kitambaa cha buluu,
bendera mbili ndogo, chupa za maji ishirini.
Makamu Chansela alitamka "ushirikiano" mara tisa.
Nilihesabu, maana kuhesabu ndiko kazi yangu:
mirija, sindano, mbu waliokufa chali,
watoto wa Ahero walionikabidhi vidole vyao.
Kwenye picha ya ukumbusho mimi ni kiwiko
upande wa kushoto, na sahani ya sambusa.

Ulisema data ni mali ya pande zote mbili.
Ulisema tutazungumza kila Alhamisi,
saa tisa kwetu, saa nane Oulu wakati wa theluji.
Haukusema neno kuhusu stima.

Stima ilipotea Ijumaa usiku, mvua ya Aprili.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Dizeli iliwekwa chini ya "mengineyo",
na mengineyo yalikwisha Februari.
Friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri
ikaanza kupanda: sabini na nne, sabini na moja,
sitini na nane,
nami na tochi ya simu, chaji asilimia kumi na tisa.

Sikumpigia profesa. Nilimpigia Okinyi,
msimamizi wa zamu kiwanda cha samaki,
tuliyesoma naye darasa la sita, akinakili hesabu zangu.
Akasema, leta, lakini usiniambie ni nini.
Nikamwambia ni damu. Akasema, nimekwambia usiniambie.
Mirija mia tisa na kumi na miwili
ikalala usiku ule kati ya minofu ya mbuta
iliyokuwa njiani kwenda Ulaya.
Minofu ilikuwa na bei.

Baadaye damu ikapata kibali cha kusafiri kwa siku tisa.
Mimi niliyeitoa nikatakiwa kuthibitisha kwamba nitarudi.
Nikapeleka barua ya mwajiri, taarifa ya benki,
picha ya nyumba ya mama. Haikutosha nyumba ya mama.

Makala ilipotoka nilijitafuta.
Nilikuwa kwenye Shukrani, mstari wa mwisho,
baada ya wafadhili, kabla ya dereva,
na Apondi wameniandika Apendi.
Dereva alicheka hadi akashika usukani:
kweli hapendi, tazama uso wake.

Nilirudi Ahero na viatu vya mpira.
Mama Ouko alikuwa akipepeta mpunga, hakusimama.
Aliuliza kwa Dholuo, kama mtu anayeulizia mgeni aliyeondoka bila kuaga:
Na ile damu, ilisema nini?
Jibu lake lilikuwa mtandaoni, nyuma ya mlango wa dola arobaini.
Nikasema inaendelea vizuri.
Akapepeta. Makapi yakaniangukia viatuni.

Mwaka huu mkataba unafanywa upya.
Maarit amekuja mwenyewe. Hakutaka ukumbi.
Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya friza,
akauliza usiku ule ulikuwaje, akanyamaza muda mrefu,
halafu akauliza jina la Okinyi linaandikwaje.

Nilikuwa na kitu kwa penseli, nyuma ya risiti ya maziwa:
kwamba dizeli ni utafiti,
na kwamba habari ya damu ifike kwanza Ahero, kwa Dholuo,
kabla haijavaa koti na kupanda ndege.
Mkuu wa kitivo alisoma, akavua miwani.
Hii si lugha ya mkataba, alisema.
Maarit alikwisha kuipiga picha.

Kifungu kiko kwa mwanasheria, wiki ya saba sasa.
Nimempelekea Okinyi soda mbili na radhi.
Friza inanguruma hapa nyuma yangu, themanini kamili.
Naiamini nusu.
Jerikeni nimeinunua kwa pesa zangu.