Mkoba wa Kahawia

Alhamisi ni siku ya sarafu.
Nazungukia vibanda vyangu vinne vya kufulia nguo,
nafungua matumbo ya mashine kwa ufunguo mdogo,
robo dola zinamwagika ndani ya ndoo ya rangi
zikinuka sabuni na mifuko ya watu nisiowajua.
Ndoo ikijaa hainyanyuliki kwa mkono mmoja.
Ndiyo maana ya bastola.
Marehemu Hollis alisema: mwenye ndoo hii
asitembee kama anayetoka kisimani.

Leo, kabla ya sarafu, tulimzika Eudora wa kwaya.
Gauni jeusi, viatu vyeusi,
na mimi sichanganyi nyeusi na kahawia.
Nikabadili mkoba.
Nikahamisha funguo, miwani, leso, pipi za koo,
nikahamisha chuma. Chuma hakisahauliki,
kina uzito wa paka aliyelala.
Kadi ya kibali ikabaki.
Kadi haina uzito, haikuiti ukiondoka.

Basi, kwenye barabara ya kiwanda cha zamani cha pamba,
jua limekwisha kuzama nyuma ya misonobari,
taa za buluu zikajaa kwenye kioo changu.
Kumbe taa yangu ya nyuma imekufa tangu juzi.
Nikaweka mikono juu ya usukani, vidole vimetanuka,
kama mtoto anayekaguliwa kucha.

Naibu wa sherifu, jina kifuani: Mackey.
Tavaris! Mwana wa Odessa,
aliyekuwa akikaa juu ya mashine ya kukaushia
akifanya hesabu zake za shule
kwa kuwa kwao hakukuwa na joto.
Magoti yale yaliyopauka kwa baridi
sasa yamesimama mlangoni pangu ndani ya suruali ya kazi.

"Ndani ya mkoba mna bastola," nikasema,
"nakwambia kabla sijagusa kitu."
"Sawa, Bibi Pruitt. Na kibali?"

Ulimi ukafa ganzi.
Sote wawili tukautazama mkoba mweusi
kama vile ungejibu.
Mkono wake ukashuka kiunoni,
si kwa hasira, kwa mazoea tu,
na mazoea hayo ndiyo yaliyonitisha.

"Ninacho," nikasema. "Kiko nyumbani."
"Sheria haitaki uwe nacho, Bibi.
Inataka uwe nacho hapa."

Akaita redioni. Tukangoja.
Malori mawili ya magogo yakapita, gari likatikisika.
Sauti ya mwanamke ikakoroma: jina limo,
namba imo, muda wake bado.
Nikavuta pumzi, nikadhani yamekwisha.
Akatoa kitabu cha faini.

Andika, nikamwambia. Na nilimaanisha;
angeniachia ningemshukuru leo
na kesho nimwone mdogo.
Akaandika, ncha ya ulimi nje ya mdomo,
vilevile kama alipokuwa akigawanya sehemu
juu ya mashine namba saba.

Kisha akaitoa bastola mkobani kwa vidole viwili,
akaimwaga risasi,
akaifungia kwenye buti. Zile risasi hakujua aziweke wapi.
Akatazama huku na huku.
Akazitia ndani ya ndoo.

Usiku huu nimemwaga kila kitu juu ya meza ya jikoni.
Mkoba wa kahawia unaning'inia kwenye msumari wa Hollis,
na kadi imo, imebanwa
kati ya kuponi ya chakula cha mbwa na risiti ya dawa.
Picha ile niliipiga siku tisa baada ya kumzika,
nimevaa koti lake, kola imenifika masikioni,
macho kama ya mtu aliyeamshwa katika nyumba si yake.
Nilimwambia kijana kwamba nilisahau.
Sijui.

Natenga fedha na shaba, fedha na shaba,
vidole vyangu vimekuwa vyeusi.
Sarafu zote nimezihesabu.
Risasi nimepata tano.
Zilikuwa sita.