Kofia ya Ngazini

Gundars alipokwenda Ayalandi kuchuma uyoga
aliniachia funguo, deni la simu na sungura wawili.
"Wiki tatu tu, mama."
Huu ni mwezi wa kumi na nne.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa nimewapa chumba chenye dirisha la mashariki,
na jembe nimelishika mwenyewe.

Daugavpils, Januari. Kipimajoto nje ya kioo
kimeshuka hadi ishirini na mbili chini ya sifuri
kikanata hapo, kama mlevi kwenye benchi.
Mabomba ya joto ya jengo letu yana tabia ya wakubwa:
ama yananyamaza, ama yanafoka.

"Usiwasogeze karibu na bomba," Gundars ananiambia simuni,
"wana koti wasiloweza kulivua."
Ananifundisha mimi!
Mimi niliyevunja barafu bakulini kwa kisigino cha buti
kabla ya shule, kope zimeganda,
banda la baba lina sungura arobaini.
Sungura wa baba hawakuwa na majina. Walikuwa na miezi.
Wa Novemba alikuwa mchuzi.
Wa Desemba, kola ya shangazi.

Hawa wana majina. Dume ni Zirnis, yaani njegere,
jike ni Skaidrīte, jina la mwalimu wa hesabu wa Gundars,
kwa sababu ya meno.

Basi nimejifunza upya.
Ufa wa dirisha nimeuziba kwa soksi za marehemu Imants,
maana upepo mwembamba unaopenya kimyakimya
hudhuru kuliko jalidi.
Zulia nimelitandika ukutani hadi ukutani;
kwenye mbao tupu walikuwa wakiteleza, wakinitazama kwa lawama.
Boksi la televisheni nimelitoboa milango miwili
(sungura hakubali nyumba ya mlango mmoja, ana sababu zake)
nikalishindilia majani makavu.
Wanaila nyumba yao. Naijenga tena.
Waya wa taa nimeuvika mpira wa kumwagilia bustani.
Siwaogeshi. Siwavishi.
Jirani Lūcija aliwafumia sweta mbili ndogo;
nilimshukuru sana, nikalivisha birika.

Na bomba la chumba chao nimelifunga nusu,
mlango wangu nimeuacha wazi,
baridi yao ikawa yangu:
wao wamelala ubavu kwa ubavu, pua zikifanya kazi,
mimi nina koti kitandani, nasoma bili.

Usiku, gizani, nasikia meno yao
yakisagana, polepole, kwa mbali.
Gundars anasema ndivyo sungura asemavyo
*hapa panatosha.*
Sikujua.
Miaka yote ile bandani
nilidhani ni baridi.

Leo asubuhi mkate uliisha.
Nikafungua kabati, rafu ya juu,
nikashusha kofia aliyonishonea mama nilipoolewa:
ya kijivu, laini, ngozi nne.
Zirnis akasimama kwa miguu ya nyuma,
pua juu,
akanusa.

Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki.
Nikatoka kichwa wazi, nikashuka hadi ghorofa ya pili,
nikatazama juu, nikatazama chini, kama mwizi,
ndipo nikaivaa.

Nikirudi huivua palepale, nywele zimesimama kwa umeme,
theluji inayeyuka shingoni,
na juu naingia kama mtu aliyesahau kofia,
nina mkate, nina karoti moja.

Lūcija amenifuma mara mbili pale ngazini.
Hajauliza kitu.
Mara ya pili alinishikia mkate.