Siku Mbili

Nilikuwa mwosha chupa wake miaka ishirini na sita.
Bomba likikauka, niliteka ya ziwani,
nikayachuja mara tatu, kwani Profesa Cibalonza alisema
kemia haimwonei huruma mtu aliyechoka.

Maabara: chumba kimoja, Nguba,
dirisha moja kwa ziwa Kivu, jingine kwa ukuta wa jirani,
friji, na mizani iliyopona tetemeko.

Watu wakimuuliza alianzia wapi, hujibu Ubelgiji.
Ndivyo cheti kinavyosema.
Mimi aliniambia usiku mmoja, umeme umekatika,
tumekaa gizani tukiulinda mlango wa friji usifunguliwe:
alianzia Kabare, kwenye pipa la mama yake.

Muhogo mchungu hulowekwa siku tatu.
Mwaka wa kukimbia, mama aliloweka siku moja,
wiki baada ya wiki.
Vita ilikuwa bado njiani; njaa ilishafika.
Watoto wakala, wakashiba.
Asubuhi moja Byamungu, miaka tisa, akashuka kitandani,
miguu ikapishana kama mkasi
na haijaachana hadi leo.

Zile siku mbili ndizo dada yake alizozitafuta.

Kimeng'enya, alinieleza, ni kibarua kama wewe:
hakuna anayemshangilia, na joto likizidi hufia kazini.
Huvunja sukari iliyoificha sumu,
sumu ikapaa zake kabla ya kufika mdomoni.
Basi alfajiri nikapanda Kadutu kutafuta barafu
kwa wauza sambaza. Ilinuka samaki.
Protini zililala humo bila kulalamika.

Alinunua unga kwa kila mama sokoni, kopo moja moja.
Walidhani ana watoto wengi.
Unga ndani ya chupa, karatasi ya njano juu yake, usiku kucha;
asubuhi tukiinama kuitazama:
kahawia. Kahawia. Kahawia kama tofali.
Siku moja, njano.
Hakupiga kelele. Aliniomba nirudie, kwa chupa nyingine, safi zaidi.

Kurasa tisa zikachapwa ng'ambo.
Jina langu limo, kwenye shukrani, limekosewa herufi.

Jibu lenyewe halikujaza ukurasa: lowanisha unga,
utandaze mwembamba mkekani, kivulini,
saa tano, ndipo usonge ugali.
Alimpelekea mama yake kwanza.
Bibi akasikiliza yote, hata hilo neno kimeng'enya,
halafu akauliza:
"Hizo saa tano, mbona hukunipa mwaka ule?"

Njia nzima ya kurudi hatukuongea.

Alistaafu mwezi wa tatu. Pensheni bado iko Kinshasa.
Byamungu alikuja na magongo yake kumsaidia kufunga vitabu,
akaomba aione friji.
Akafungua, akachungulia. "Ni hii tu?"
"Ni hii," nikamwambia,
na sote watatu tukanyoosha mkono kuifunga,
baridi isitoke.