Futikamba

Kwenye kadi yangu ya ukaazi, chini ya picha
ya mtu anayefanana nami akiwa na homa,
wameandika: Shekue Mbwana Hoza. Mume.
Kazi: hairuhusiwi.

Mwantumu huondoka saa kumi na mbili kasorobo,
viatu vyeupe, chupa ya chai kwapani.
Basi la hospitali humpigia honi mara moja tu.
Nyuma yake nabaki mimi na friji,
tukinguruma kwa zamu.

Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, nilikuwa fundi.
Mabibi harusi walilia nikiwaambia njoo kesho kutwa,
na kesho kutwa walikuja.
Mguu wangu wa kulia una akili yake:
hata hapa Ibra, chini ya meza ya chai,
unakanyaga, unakanyaga,
na sakafu ya marumaru haishoneki.

Wiki ya kwanza niliosha vyombo vilivyokwisha oshwa.
Wiki ya tatu nikatoa futikamba begini
nikaanza kuupima mji.
Dirisha la jikoni, inchi arobaini na nane.
Mlango wa jirani, mbao nzito za zamani, themanini na mbili.
Kivuli cha ukuta saa nne asubuhi, pima moja na dhiraa;
saa sita, hakitoshi kumvika paka.

Shemeji hupiga simu: Bwana we, uko Arabuni,
unakula na kulala, raha gani kama hiyo!
Mimi hucheka kicheko cha kuazima.
Mama haulizi napata kiasi gani.
Huuliza nimekula nini,
na hapo ndipo ninapojua kwamba anajua.

Sokoni kuna duka la Wabengali watatu,
cherehani tatu, dishidasha zimejipanga darini
kama watu wanaongoja kuitwa majina.
Nilisimama mlangoni nikausikiliza ule mlio
hadi mmoja akainua macho: Unataka?
Nikasema ndiyo.
Sikuwa na kitambaa.
Nikanunua kifungo kimoja.

Bi Zuwena ndiye mwenye mlango wa themanini na mbili.
Kiswahili chake ni cha Wete, alikikunja akiwa mtoto
akakiweka kabatini; akikifungua
bado kina mistari ya mikunjo.
Alinijia na dishidasha ya marehemu mumewe.
Mjukuu ana miaka kumi na mbili, Sikukuu i mlangoni,
naambiwa wewe washona.
Nikamwonyesha kadi.
Akaisoma, akaigeuza, akanirudishia.
Hapa pamesemwa kazi, akasema. Mie nimekuomba kazi?
Mie nimekuomba sindano.

Siku tatu usiku, pazia nimelishusha,
nashona kwa mkono kama mwizi anayehesabu.
Mwili wa mtu mzima naupunguza kidogo kidogo,
mabega kwanza, kisha kifua,
kisha urefu wote ule ambao mtoto hajaufikia.
Mwantumu alirudi zamu ya usiku, akanikuta
na uzi mdomoni. Hakuuliza.
Aliwasha taa ya pili
akalala palepale kochini, viatu miguuni.

Bi Zuwena alileta bahasha. Niliirudisha.
Akaleta halwa, sahani ya kuwalisha watu kumi,
na hiyo sikuwa na kadi ya kuikataa.

Leo asubuhi kijana amepita kwenda kuswali.
Bega la kushoto limekwenda upande, unywele mmoja tu,
tunajua mimi na Mungu.
Shingoni kimekaa kifungo changu cha sokoni.

Mwezi ujao tunakwenda kuhuisha kadi.
Karani ataniuliza, atajaza neno lilelile,
wala sitabishana naye.
Nimesimama dirishani, inchi arobaini na nane,
namtazama mtoto akigeuka kona.
Nilikikaza vizuri kile kifungo, mizunguko saba, fundo mbili.
Mungu anisamehe:
naomba kilegee.